Jibini Inapita Mlangoni Kwetu

Wasikilizaji wapendwa wa Gisenyi na vitongoji vyake, ninyi wa Goma mnaotusikia ng'ambo ya mpaka, na ninyi mlioko juu Kanama na Bigogwe ambako baridi saa hizi imeshabisha hodi,  leo sitagusa siasa wala bei ya mafuta ya gari. Leo naingia jikoni. Nataka tuzungumze juu ya chakula cha aina ile inayoandikwa kwenye kadi za hoteli zilizopo ufukweni, ambacho wengi wetu tunakisoma mara moja, tunatazama bei, kisha tunaagiza sambaza zetu, vile visamaki vya ziwa Kivu, kama kawaida: makaroni makubwa yenye umbo la kombe, yaliyojazwa jibini na pesto, kisha yakaokwa.

Najua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya wazungu, tuachie sombe yetu ya majani ya muhogo." Haya, ngoja niwasomee vinavyotakiwa, halafu mniambie uzungu uko wapi. Maziwa. Jibini. Mayai. Nyanya. Kitunguu maji na kitunguu saumu. Karanga. Majani yanayonukia. Mafuta, chumvi, pilipili manga. Katika hivyo vyote, ni kipi usichoweza kukikusanya sokoni Gisenyi asubuhi moja ukarudi nyumbani jua halijawa kali? Ni kimoja tu, lile kombe lenyewe la unga, na hilo nalo lina dawa yake. Tutafika huko.

Hoja yangu ya leo ni fupi. Jibini inatengenezwa juu ya milima yetu na milima ya jirani zetu. Kila siku inapita mlangoni kwetu, kwenye magari na kwenye mabeseni ya akina mama, ikielekea Kigali, Goma mjini na mahotelini. Sisi tulio katikati ya njia hiyo tunaitazama ikipita. Nasema wakati umefika tuisimamishe kidogo, tuikaribishe ndani, na tujifunze kuipika.

Tuanze na asili yake, kwa sababu bila hiyo hatutaelewa kwa nini tunayo jibini nyingi kuliko tunavyoila.

Ukipanda kutoka hapa mjini kuelekea Gishwati, unafika mahali ambapo shamba la viazi linakoma na malisho yanaanza. Ng'ombe wenye madoa meusi na meupe wametapakaa mlimani, na ukungu unashuka hata saa nane mchana. Zamani pale palikuwa msitu mtupu. Katika miaka ya 1980 mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia ulikata sehemu kubwa ya msitu huo ili kupanda misonobari na kufungua malisho. Baada ya 1994 wakaja Wanyarwanda waliorudi kutoka uhamishoni, wengi wao wakitokea Masisi, na ng'ombe wao mbele yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wenyewe ulikuwa umebaki hekta mia chache tu. Kipande kilichonusurika sasa kimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na mwaka 2020 UNESCO ililitambua eneo hilo kuwa hifadhi ya uhai. Lakini malisho yamebaki malisho, na maziwa yanatoka kila asubuhi na kila jioni.

Ng'ambo ya mpaka, Masisi, hadithi inafanana. Ni milima ya kijani na nyasi tele. Wakulima wa Kizungu walileta ng'ombe wa maziwa wakati wa ukoloni, na baadaye mapadri kutoka Ulaya wakawafundisha watu kutengeneza jibini ya mviringo ya namna ya Gouda, ile ya Uholanzi. Leo jibini ya Masisi inajulikana Kongo nzima. Watu wa Goma wakisafiri kwenda Kinshasa, zawadi ya kwanza wanayotakiwa kubeba ni fromaji, yaani jibini hiyo.

Sasa jiulizeni: kwa nini jibini, na si maziwa? Jibu liko barabarani. Maziwa mabichi hayangoji. Yakikamuliwa alfajiri na gari likakwama kwenye tope, saa sita mchana yamekwisha kuharibika. Mfugaji wa juu Gishwati au Masisi, mwenye kilomita za utelezi kati yake na mnunuzi, ana hiari mbili: ayamwage, au ayagandishe. Lita kama 10 za maziwa zinatoa kilo 1 ya jibini, na kilo hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa ikisubiri mvua ipungue. Kwa hiyo jibini yetu ni mtoto wa barabara mbovu. Pale ambapo lori la maziwa lenye ubaridi halifiki, utakuta kibanda cha mbao, sufuria kubwa juu ya kuni, mtu anakata maziwa yaliyoganda kwa kisu kirefu, anayaosha kwa maji ya moto, anayakandamiza kwenye kalibu, anayatumbukiza kwenye maji ya chumvi, kisha anayapanga kwenye rafu za mbao. Kila siku anapita akiyageuza moja moja ili yakauke sawasawa.

Kutoka kwenye rafu hizo, safari inashuka hadi hapa. Nendeni siku moja mkae karibu na Petite Barrière mtazame watu wanavyovuka. Huu ni mmoja wa mipaka inayovukwa kwa miguu na watu wengi kabisa barani Afrika. Kwa siku za kawaida ni makumi ya maelfu ya watu. Nyanya, vitunguu, kabeji na nyama vinakwenda ng'ambo. Vitenge na vipodozi vinarudi. Na katikati ya hayo yote, jibini ya mviringo, ya manjano, imefungwa kitambaa, kichwani mwa mama anayetembea bila kuishika kwa mkono. Akifika upande huu anaiweka mezani, anafuta kisu, anakata pembetatu, anakupa kipande chembamba uonje kwenye ncha ya kisu hicho hicho. Ukikubali anapima, anafunga kwenye karatasi ya kaki, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008. Nimesimama kwenye meza za namna hiyo mara nyingi, na wanunuzi ninaowaona ni walewale: mpishi wa hoteli, mtalii, mfanyakazi wa shirika, na msafiri wa Kigali anayenunua zawadi. Mama wa mtaa wetu wa Mbugangari anayekwenda kununua mboga za dodo na viazi anapita pembeni. Hata kuuliza bei haulizi.

Kwa nini hatuulizi? Naona sababu tatu, na kila moja tuipe haki yake.

Ya kwanza ni mila. Mnyarwanda na maziwa ni kitu kimoja. Tunasalimiana kwa kutakiana ng'ombe, tunaozana kwa ng'ombe, na tangu 2006 serikali imekuwa ikigawa ng'ombe kwa familia maskini kupitia mpango wa Girinka. Lakini maziwa yetu ni ya kunywa: ya moto, au yaliyolala yakawa kivuguto. Maziwa ya kutafuna hatukulelewa nayo. Kwa hiyo jibini ikija mezani, mtu mzima anaitazama kama mgeni asiyejua anaketi wapi.

Sababu ya pili ni bei. Hapa sitapiga porojo. Jibini si dagaa. Ila tunailinganisha vibaya. Tunalinganisha kilo ya jibini na kilo ya viazi, wakati mwenzake wa kweli ni nyama. Hakuna anayekula kilo ya jibini. Gramu 300 za jibini ya kununua zinatosha kupikia watu sita, na humo ndani mna protini na chokaa ya mifupa ambayo mtoto hataipata kwenye sahani ya viazi vitupu.

Sababu ya tatu ndiyo iliyonileta leo: hatujui kuipika. Tunaijua jibini kama kipande cha baridi, kando ya mkate. Ukimpa mtu robo kilo anaikata vijiti, anawapa wageni na bia, basi imekwisha. Hapo haiwezi kuwa chakula cha nyumbani, itabaki kitafunwa. Makombe ya kuoka ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa sababu jibini inakuwa ndani ya chakula chenyewe, inashibisha, na watoto hawahitaji kubembelezwa.

Nani alianzisha chakula hiki? Makaroni ni ya Waitaliano, na pesto imetoka Genova, mji wa bandari kaskazini mwa Italia, ambako wanatwanga mrehani, kitunguu saumu, mbegu za msonobari, jibini kavu na mafuta ya zeituni kwenye kinu cha mawe. Ila haya makombe makubwa ya kujaza na kuoka yalipata umaarufu wake zaidi Marekani, mikononi mwa wahamiaji wa Kitaliano. Walifika nchi ngeni, wakakuta maziwa mengi na jibini nyingi, wakapika walichokipata. Hawakusubiri meli ya kutoka kwao. Na sisi huku Afrika Mashariki si wageni wa mambo hayo. Wasomali walipokea makaroni wakati wa utawala wa Italia, na leo wanayala na ndizi pembeni kana kwamba walizaliwa nayo. Mombasa na Unguja, mwezi wa Ramadhani, sinia la makaroni halikosekani kwenye futari za nyumba nyingi. Waulizeni mama zetu wa Majengo wenye ndugu pwani, watawaambia.

Haya, tuvae aproni.

Kwanza, jibini laini ya kujazia. Huko Italia wanatumia rikota. Hapa tutatengeneza ya kwetu kwa lita 3 za maziwa. Yapashe moto polepole, ukikoroga yasishike chini, mpaka yaanze kupanda. Ipua. Tia maji ya ndimu vijiko vinne au vitano vya mezani, kijiko kimoja kimoja, huku ukikoroga taratibu. Utaona maziwa yanajitenga mbele ya macho yako: chenga nyeupe juu, maji ya kijani-manjano chini. Acha dakika 10, kisha mimina kwenye kitambaa safi, funga, ning'iniza. Baada ya nusu saa unayo kama nusu kilo ya jibini laini. Yale maji usiyamwage. Kandia chapati au pikia uji, maana yana nguvu bado.

Chenga hizi zina tabia moja ya kujua: haziyeyuki. Ukizichoma zitakauka, ukizichemsha zitabaki chenga. Ndiyo maana zinakaa vizuri ndani ya kombe bila kukimbia. Jibini ya Gishwati au ya Masisi tabia yake ni kinyume: ikipata moto inalegea, inavutika, inashikanisha kila kitu. Chakula chetu kinataka zote mbili. Chukua gramu 200 za ile ya mviringo, ikwaruze, changanya robo tatu yake na zile chenga, yai 1, chumvi kidogo kwa sababu jibini ina chumvi yake, na pilipili manga. Robo iliyobaki iweke kando, itakwenda juu.

Pili, pesto. Hapa ndipo watu wanapoogopa bure. Mtu anayetwanga sombe kila wiki hawezi kushindwa na pesto. Kinu ni kilekile na mkono ni uleule, isipokuwa majani haya hayapikwi. Mrehani unaota vizuri sana kwenye udongo wetu wa volkano, hata kwenye ndoo mbovu iliyotobolewa chini, mradi uuweke mahali penye jua na uvunje vichwa vyake usiache utoe maua. Kama huna, tumia peresili na majani machanga ya seleri, ambayo yamejaa sokoni. Ladha itakuwa nyingine, lakini itakuwa tamu. Ila kivumbasi, ule mmea wa dawa ya mafua tunaouita hapa umwenya, uogopeni kidogo: harufu yake ni kali kama karafuu. Jani moja au mawili ni kiungo, konzi nzima ni dawa.

Mbegu za msonobari za Kitaliano hazipatikani, na zikipatikana ni ghali hata kwao. Tia karanga zilizokaangwa kidogo na kumenywa, au makadamia, maana siku hizi yanalimwa humu humu Rwanda. Anza na punje 2 za kitunguu saumu na chumvi, twanga mpaka ziwe uji. Tia gramu 30 za karanga, twanga. Tia konzi mbili za majani, kidogo kidogo, ukizungusha mchi zaidi ya kupiga. Kisha jibini kavu. Na hapa nawapa siri ya jiko langu: vile vipande vya pembeni, karibu na ganda la jibini, ambavyo wengi hutupa, nafunga kwenye kitambaa naviacha mahali penye hewa wiki mbili. Vinakuwa vigumu, vinakolea, vinakwaruzika vizuri, na kazi ya jibini ghali ya Parma inafanyika. Malizia na mafuta, kama nusu kikombe. Ya zeituni kama mkono wako unafika. Ya alizeti kama haufiki. Mafuta yafunike majani, maana yakigusa hewa yanakuwa meusi.

Tatu, makombe yenyewe. Katika maduka makubwa ya Kigali, na mara mojamoja ya hapa Gisenyi na Goma, yanapatikana kwenye boksi. Gramu 250 zinatosha. Yasipopatikana, basi, kanda unga wa ngano gramu 400 kwa mayai 4, usitie maji. Kanda dakika 10 mpaka donge liwe nyororo, lifunike lipumzike nusu saa, kisha sukuma kwa chupa mpaka liwe jembamba kuliko chapati. Kata vipande vya mraba vya kiasi cha kiganja. Hivi hutavijaza kama kombe, utavizungusha kama mkeka. Tumbo halitajua tofauti.

Sasa kuchemsha. Boksi limeandikwa dakika, lakini aliyeandika alikuwa usawa wa bahari. Sisi hapa tuko kama mita 1,460 juu ya bahari, na maji yetu yanachemka yakiwa na joto la kama digrii 95 tu, si 100. Kwa hiyo makaroni, kama maharage, yanachelewa kidogo kuiva. Usiamini saa, amini meno: chukua moja, ling'ate. Likiwa limelainika nje lakini katikati bado linakaza, epua mara moja. Litamalizia kuiva ndani ya oveni. Ukilichemsha likaiva kabisa, litapasuka mkononi wakati wa kujaza. Yamwage, yamiminie maji baridi, yapange kwenye kitambaa yasigusane. Vile vipande vya kukanda mwenyewe ni laini, dakika mbili tatu zinavitosha.

Mchuzi ni wa nyanya, ule mnaoujua. Kilo 1 ya nyanya zilizoiva, kitunguu kimoja, mafuta kidogo, upike mpaka uwe mzito. Usitie maji, usitie kiungo cha pakiti. Tandaza nusu chini ya chombo.

Kujaza ni kazi ya watoto, na wanaipenda. Kombe moja kwenye kiganja cha kushoto, ulifungue kwa kidole gumba, kijiko kimoja cha jibini, juu yake robo kijiko cha pesto, lifunge kidogo, lipange kwenye mchuzi mdomo ukitazama juu. Yabanane, yasilale. Ukimaliza, mimina mchuzi uliobaki katikati ya safu, nyunyiza jibini iliyowekwa kando. Nusu ya pesto ibaki kwenye kikombe, usiioke. Moto unaua rangi yake na harufu yake; hiyo utaidondoshea juu wakati wa kupakua, na nyumba nzima itajua chakula kiko tayari.

Mwenye oveni, digrii 180: dakika 25 ukiwa umefunika, dakika 10 ukiwa umefunua. Lakini ni nyumba ngapi hapa zina oveni? Tuna mbabura, jiko la makaa. Na akina bibi wa pwani walioka mikate na keki miaka na miaka kwa moto wa juu na chini kabla oveni haijafika. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, ipashe moto, weka ndani chombo chako cha makombe, funika kwa kifuniko cha bati kipana, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Makaa mengi yawe juu, machache chini. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Baada ya nusu saa inua kifuniko kwa uangalifu, majivu yasidondoke ndani. Ukiona pembeni panachemka na juu pana madoa ya kahawia, kazi imekwisha. Acha dakika 10 kabla ya kupakua, jibini ishikamane.

Hicho ni chakula cha watu sita, na mboga mbichi pembeni. Weka hesabu yako mwenyewe kwa bei za soko lako, kisha uilinganishe na kilo moja na nusu ya nyama ya ng'ombe. Uamue mwenyewe.

Sasa turudi kwenye hoja, maana sikuja hapa kufundisha mapishi peke yake.

Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona na hoteli zikafunga milango, ng'ombe hawakuambiwa. Waliendelea kukamuliwa. Mtengeneza jibini ambaye wateja wake wote ni mahoteli na wasafiri, siku kama hiyo rafu zake zinajaa na mfuko wake unakauka. Mei 2023 mvua ikashuka usiku mmoja, mto Sebeya ukavunja kingo zake, nyumba zetu zikaenda, barabara zikakatika. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130. Januari 2025 vita vikafika Goma, baada ya kupita Masisi, kwenye malisho hayo hayo ninayoyasema. Siwezi kusema jibini itazuia mafuriko au vita. Ninachosema ni kwamba biashara inayotegemea mlaji wa mbali huanguka kila njia inapokatika, na katika nchi hii ya maziwa makuu njia hukatika. Mlaji wa jirani, anayenunua robo kilo kila wiki mbili kwa miguu yake mwenyewe, ndiye bima ya mfugaji.

Na kuna jambo la pili, linaloumiza zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2019 na 2020 ulikuta kwamba kati ya watoto 100 wa Rwanda walio chini ya miaka 5, 33 walikuwa wamedumaa. Katika mkoa wetu huu wa Magharibi walikuwa kama 40. Mkoa wa maziwa, mkoa wa Kivu yenye sambaza, mkoa wa viazi na mboga! Wataalamu watawaambia kudumaa kuna sababu nyingi: maji machafu, magonjwa, umaskini, mama aliyelala njaa akiwa mjamzito. Ni kweli yote. Lakini huwezi kuniambia ni sawa kwamba chakula chenye nguvu tunachozalisha wenyewe kinapita mbele ya watoto hawa kikiwa kimefungwa kwa ajili ya wengine.

Basi nina maombi matatu, na ninayataja hewani kwa makusudi.

Kwenu wenye viwanda vidogo vya jibini: kateni vipande vidogo. Jibini nzima ya kilo mbili inamtisha mama wa nyumbani. Kipande cha gramu 200 kinamkaribisha. Na mwandike wazi kama maziwa yalipashwa moto wa kuua vijidudu, yaani digrii 63 kwa nusu saa au 72 kwa sekunde 15, kisha yakapozwa. Mteja wa hoteli ana mpishi wa kumuulizia. Mteja wa Mbugangari hana, karatasi ndiyo itakayomjibu.

Kwenu wenye maduka: kando ya spageti na makaroni ya kawaida, wekeni boksi chache za makombe makubwa mjaribu. Yasiponunuliwa, mnilaumu mimi.

Na kwenu wasikilizaji: Jumamosi hii, mkipita kwenye meza ya jibini, simameni. Ulizeni bei. Ombeni kuonja, kuonja hakulipiwi. Ulizeni imetoka mlima gani na ina wiki ngapi. Muuzaji mzuri atajibu bila kufikiri. Ikikaa miezi inakuwa kali, hiyo ni ya kukwaruza. Ikiwa changa inayeyuka vizuri, hiyo ndiyo ya makombe yetu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mvuvi wa sambaza na taa zake. Kwa leo niishie hapa. Wa mpakani vukeni salama, wa milimani funikeni maziwa.